Barua ya Kuhamia Universal Credit: Namna ya Kuvuka Bila Kupoteza Kinga Yako

Mama alitoa bahasha tatu mkobani akazipanga juu ya meza yangu. Moja ilikuwa imefunguliwa, mbili zimefungwa vilevile zilivyokuja. "Mwanangu, hawa watu si wananijua? Jina langu wanalo, namba yangu wanayo, pesa wananilipa kila wiki mbili. Basi si watanihamisha wao wenyewe?" Nikafungua ya tatu. Tarehe ya mwisho aliyopewa ilikuwa imepita siku 19.

Hakupoteza, na nitaeleza huko mbele kwa nini. Lakini swali lake nimelisikia mara nyingi mno tangu nianze kuwasaidia wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa Uingereza kujaza fomu hizi, na ndilo linalowaponza watu kuliko jingine lolote. Barua haikuhamishi. Posho yako ya zamani inazimwa, na Universal Credit, posho ya serikali inayochukua nafasi yake, unaiomba wewe mwenyewe, upya, kama mtu ambaye serikali haijawahi kumsikia. Unachovuka nacho ni kinga ya kiwango chako cha malipo, na kinga hiyo imefungwa kwenye tarehe. Kwa hiyo mwongozo huu wote, hata pale unapozungumzia karatasi na benki, unazungumzia tarehe.

Kwanza historia kidogo, ili ujue umesimama wapi. Universal Credit ilipitishwa kwa sheria ya mwaka 2012 na ikaanza kulipwa Aprili 2013 huko Ashton-under-Lyne. Nia ilikuwa kuweka malipo mamoja ya mwezi badala ya posho sita: Housing Benefit, Income Support, Child Tax Credit, Working Tax Credit, JSA (posho ya mtafuta kazi) inayotegemea kipato na ESA (posho ya mgonjwa au mlemavu asiyeweza kufanya kazi) inayotegemea kipato. Kuwahamisha waliokuwa tayari kwenye posho hizo kulianza kwa majaribio Harrogate Julai 2019, kukasimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, kukarudi Mei 2022 Bolton na Medway. Tax credits zilifungwa kabisa tarehe 5 Aprili 2025. Waliobaki, wengi wao wagonjwa na walemavu walio kwenye ESA, walipangiwa kuwa wamehama kufikia mwisho wa Machi 2026. Kama bado una barua ambayo hujaijibu, huna siku za kuchezea. Kama umeshavuka, ruka moja kwa moja hadi hatua ya nane ukague hesabu yako, kwa sababu makosa yapo na yana muda wake wa kulalamikiwa.

Hatua ya 1: Soma barua yenyewe, usisome uvumi

Barua unayoitafuta imeandikwa "Migration Notice". Ndani yake kuna tarehe ya mwisho ya kuomba, ambayo kwa kawaida ni miezi 3 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Haihesabiwi tangu siku ilipokufikia, wala siku uliyoifungua. Iandike mahali utakapoiona kila siku. Mimi huwaambia watu waiandike kwa kalamu nene kwenye mlango wa jokofu.

Kama hujapata barua hiyo, usiombe Universal Credit kwa sababu jirani kakwambia inalipa vizuri. Anayeomba kabla ya kupata barua anahesabiwa kuwa amehama kwa hiari yake, hapati kinga, na mlango wa nyuma hakuna. Posho ya zamani haimrudii hata akigundua kesho yake kwamba amepungukiwa pauni mia mbili kwa mwezi. Kabla ya uamuzi wa namna hiyo, weka takwimu zako kwenye kikokotoo cha Turn2us au cha entitledto, ambavyo ni bure, kisha zungumza na mshauri.

Angalia pia barua haikugusa nini. Child Benefit, posho za ulemavu za PIP, DLA na Attendance Allowance, na Carer's Allowance ya anayemhudumia mgonjwa zinabaki kama zilivyo na huziombi upya. ESA ile iliyotokana na michango yako ya National Insurance nayo inabaki, ila Universal Credit hukatwa pauni kwa pauni kwa kiasi chake, kwa hiyo usishtuke ukiona mstari huo. Na ukiishi kwenye makazi ya muda uliyopewa na kaunsili, au makazi yenye huduma ya uangalizi, kodi yako kwa kawaida huendelea kulipwa kupitia Housing Benefit.

Hatua ya 2: Safisha mambo kwenye posho ya zamani kabla hujaomba mpya

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye pesa.

Kinga ya mpito hufanya kazi hivi. Serikali inaangalia ulikuwa unapata kiasi gani kwa jumla kwenye posho zako za zamani siku moja kabla ya ombi lako jipya. Kisha inakokotoa Universal Credit ingekupa kiasi gani kwa hali ileile. Kama ya zamani ni kubwa, tofauti unaongezewa kila mwezi. Chukua mfano: posho zako za zamani zikijumlishwa kwa mwezi zinafika £1,150, na Universal Credit kwa hali yako ni £1,020. Nyongeza yako ya mpito ni £130.

Sasa fikiria kwamba kwenye posho ya zamani kuna haki ambayo hukuwahi kuiomba, au mabadiliko ambayo hukuyaripoti. Labda mtoto amepata DLA na hukuwaarifu. Labda unaishi peke yako na una PIP ya maisha ya kila siku, hakuna anayelipwa kukuhudumia, na ungestahili nyongeza ya ulemavu mkubwa kwenye ESA yako, ile iitwayo Severe Disability Premium. Kitu hicho kisipokuwemo kwenye £1,150 siku ya hesabu, hakitaingia kwenye nyongeza. Nyongeza hiyo ya ulemavu mkubwa ilifikisha serikali mahakamani mwaka 2018, baada ya wanaume wawili wagonjwa kuhamia eneo jingine, kuingizwa Universal Credit na kupoteza takriban £178 kila mwezi. Walishinda. Ndiyo maana leo anayehama na nyongeza hiyo anahesabiwa, lakini lazima awe nayo.

Basi piga simu ofisi inayokulipa sasa, waambie kila kilichobadilika, kisha subiri barua ya uthibitisho kama muda wako unaruhusu. Waombe wakutumie karatasi inayoonyesha kiwango chako cha sasa na kila sehemu iliyomo. Karatasi hiyo ihifadhi kama cheti cha kuzaliwa. Bila hiyo, siku ya kubishana na hesabu ya mpito utakuwa unabishana kwa kumbukumbu.

Jambo jingine la kuelewa kuhusu nyongeza: inaliwa. Universal Credit yako ikipanda baadaye, mathalani kwa ongezeko la kila Aprili la £30, nyongeza yako inashuka kutoka £130 hadi £100 na jumla inabaki palepale. Kodi ikipanda na sehemu yako ya nyumba ikaongezwa, vilevile. Kinachoongezeka bila kuila ni malipo ya kulea watoto unapokuwa kazini. Na nyongeza huondoka yote kwa mara moja kama umeingia kwenye ndoa au kuishi na mtu, au mmetengana. Kama mapato yako ya kazi yalikuwa juu ya kiwango kilichowekwa kisha yakashuka chini yake kwa miezi 3 mfululizo. Au kama Universal Credit yako imekatika kwa zaidi ya miezi 3. Watu wengi hulalamika kwamba mwaka umepita na pesa haijapanda. Haijapanda kwa sababu hiyo, na si kosa la hesabu.

Hatua ya 3: Chagua siku ya kubonyeza

Siku unayowasilisha ombi ndiyo itakayokuwa siku yako ya kuanza mwezi maisha yote ya ombi hilo. Ukiwasilisha tarehe 12 Machi, kipindi chako cha tathmini ni kuanzia 12 Machi hadi 11 Aprili, na malipo ya kwanza yanaingia karibu 18 Aprili. Kuanzia hapo ni tarehe 18 kila mwezi, au siku ya kazi iliyotangulia kama 18 ni mwisho wa wiki.

Ukiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, weka siku hiyo mbali na siku yako ya mshahara. Mwajiri akilipa tarehe 30 na kipindi chako kikaanza tarehe 30, inatosha mwezi mmoja mshahara uingie mapema kwa sababu ya Jumapili, na mfumo utaona mishahara miwili ndani ya kipindi kimoja na sifuri kwenye kinachofuata. Suala hili lilikwenda hadi Mahakama ya Rufani mwaka 2020, na akina mama wanne wasio na wenzi wakashinda. Sasa mshahara mmoja unaweza kuhamishiwa kipindi kingine, lakini mara nyingi ni wewe unayeligundua na kuliandikia. Anayelipwa kila wiki 4 hatalikwepa: mara moja kwa mwaka atahesabiwa mishahara miwili, kwa hiyo aweke akiba ya mwezi huo.

Usichague siku ya mwisho kabisa. Intaneti hukatika, simu huisha chaji, benki hukataa kuthibitisha kitambulisho. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho ni salama kwa watu wengi, isipokuwa kama bado unasubiri marekebisho ya hatua ya 2.

Na kama huwezi kabisa kuiwahi? Umelazwa, umefiwa, unamuuguza mtu, unahitaji msaada wa kujaza. Piga namba iliyo kwenye barua kabla ya tarehe kupita uombe uongezewe muda, na useme sababu. Wanakubali mara nyingi, ila wanataka kuombwa. Usisubiri mpaka ipite ndipo ueleze.

Kama imeshapita, fanya leo. Ombi linalowasilishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya tarehe ya mwisho huhesabiwa kana kwamba liliwasilishwa siku ile ya mwisho, na kinga inabaki. Hicho ndicho kilichomwokoa mama wa bahasha tatu. Tuliketi saa ileile, chai ikapoa, tukabonyeza saa kumi na mbili kasoro jioni. Angekuja wiki mbili baadaye, angeweza kuomba Universal Credit bado, lakini bila hata senti ya kinga.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi

Weka pamoja: namba ya National Insurance, maelezo ya akaunti ya benki, kitambulisho, barua pepe unayoifungua kila siku, namba ya simu, mkataba wa nyumba unaoonyesha kodi na kama kuna gharama za huduma, hati za mshahara, namba za Child Benefit za watoto, na kiasi cha akiba.

Kwenye akiba ninataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wanapoumia kwa kutojua. Akiba chini ya £6,000 haihesabiwi. Kuanzia hapo, kila £250 au sehemu yake hukata £4.35 kwa mwezi. Mwenye £7,100 amezidi kwa £1,100, ambayo ni sehemu tano, kwa hiyo anakatwa £21.75. Ukizidi £16,000 hustahili, isipokuwa wale waliohamishwa kutoka tax credits, ambao kiasi kinachozidi hapo hakiangaliwi kwa vipindi 12 vya tathmini.

Akiba ni nini? Ni pamoja na kiwanja au nyumba uliyo nayo nje ya Uingereza. Ndiyo, hata kama hakuna anayeishi humo, hata kama ndugu ndiye anayeiangalia. Ikiwa kwa jina lako, itaje, pamoja na thamani yake na deni lolote lililowekwa dhamana juu yake. Wengine hunyamaza wakidhani hakuna atakayejua. Ninawaomba msifanye hivyo; deni la kurudisha miaka mitatu ya malipo linavunja nyumba. Kuna hali ambapo mali haihesabiwi, kwa mfano unapochukua hatua za kuiuza au anapoishi ndani yake ndugu wa karibu aliyefikia umri wa pensheni, lakini uamuzi huo unafanywa baada ya wewe kusema.

Pesa za upatu nazo. Kama wewe ndiye mtunza mchezo na pesa za watu kumi zinapita kwenye akaunti yako, hizo si mali yako, ila akaunti haijui hilo. Weka daftari lenye majina, tarehe na kiasi, na ikiwezekana fungua akaunti ya peke yake kwa kazi hiyo. Nimeona daftari la kurasa 40 lililoandikwa kwa kalamu ya risasi likimaliza ubishi uliokuwa umechukua miezi.

Hatua ya 5: Jaza na uwasilishe

Ombi linafanywa mtandaoni kwenye GOV.UK. Unafungua akaunti, unaweka nywila, unajibu maswali. Fomu itakuuliza kama umepata Migration Notice. Jibu ndiyo.

Mnaoishi wawili kama wenzi, kila mmoja anafungua akaunti yake. Wa kwanza hupewa msimbo wa kuunganisha na humpa wa pili auweke kwenye akaunti yake. Ombi halijakamilika mpaka wote wawili wamebonyeza, kwa hiyo mume asiseme "nitafanya kesho" siku ambayo ni ya mwisho.

Kuna maswali machache ya kujibu kwa uangalifu. Ukiulizwa kama una hali ya kiafya inayokuzuia kufanya kazi, na ulikuwa kwenye ESA, jibu ndiyo na useme kundi lako. Aliyekuwa kwenye kundi la msaada, Support Group, anavuka na hadhi yake ileile bila kupimwa upya kwanza. Nimeona watu wakitakiwa barua ya daktari kila mwezi kwa sababu tu taarifa hiyo haikuvuka. Likikutokea, andika kwamba umehama kwa Migration Notice kutoka ESA na utaje kundi.

Aliyejiajiri ataripoti mapato na gharama kila mwezi, kwa pesa iliyoingia na kutoka kweli, si kwa mwaka kama alivyozoea kwenye tax credits. Kwa kawaida Universal Credit humdhania aliyejiajiri kuwa anapata kiwango fulani hata asipokipata. Aliyehamishwa kwa barua huachiwa miezi 12 kabla ya dhana hiyo kuanza. Mwanafunzi wa muda wote aliyehamishwa kwa barua naye huruhusiwa kuomba na kuendelea mpaka kozi yake iishe, ingawa wanafunzi wengi wengine hukataliwa.

Kama mmoja wenu ana viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma, simameni kwanza. Kwenye tax credits baadhi ya wenzi wa namna hiyo waliweza kuomba pamoja. Kwenye Universal Credit aliye na haki huomba na hulipwa kwa kiwango cha mtu mmoja, huku mapato na akiba ya mwenzake vikihesabiwa. Kosa hapa linaweza kugusa viza, kwa hiyo tafuteni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kubonyeza, si baada.

Kiingereza kikikupa shida, piga simu ya Universal Credit 0800 328 5644, ambayo ni bure, useme "Swahili interpreter". Watamwunganisha mkalimani kwenye simu. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri maswali ya ugonjwa wako. Citizens Advice nao husaidia bure watu wanaoomba kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 6: Jiandae kwa wiki tano

Kutoka kuwasilisha hadi pesa ya kwanza ni takriban wiki 5: mwezi mmoja wa tathmini na hadi siku 7 za kulipa. Aliyezoea kulipwa kila wiki mbili anaona mlima.

Kuna mambo mawili ya kuushusha. La kwanza ni wiki mbili za ziada: Housing Benefit, Income Support, JSA ya kipato na ESA ya kipato huendelea kulipwa kwa wiki 2 baada ya kuomba. Huzirudishi na hazikatwi kwenye Universal Credit. Aliyetoka tax credits hakupata hizo. Kama kodi yako ilikuwa ikienda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, wiki mbili hizo za Housing Benefit nazo huenda kwake, kwa hiyo mwulize mwenye nyumba kabla hujamlipa mara mbili.

La pili ni malipo ya kutangulizia, ambayo ni mkopo usio na riba wa hadi kiasi kizima cha malipo yako ya kwanza yanayokadiriwa. Unarudishwa kwa kukatwa ndani ya miezi 24. Ukichukua £600, ni £25 kila mwezi kwa miaka miwili. Ushauri wangu ni uchukue kile tu kinachojaza pengo la kodi na chakula. Nimeona familia ikichukua yote ikanunua televisheni, kisha deni la zamani la tax credits likafuata likikatwa juu ya hilo. Tangu Aprili 2025 makato ya kawaida hayapaswi kuzidi asilimia 15 ya posho ya msingi, na hilo limesaidia, lakini asilimia 15 bado ni chakula cha siku kadhaa.

Katika wiki hizi usisafiri nje ya nchi kama unaweza kuepuka. Universal Credit haiombwi ukiwa nje. Baadaye, safari ya hadi mwezi 1 huruhusiwa ukiiripoti, na hadi miezi 2 ukifiwa na ndugu wa karibu ukashindwa kurudi. Msiba usimwachie mtu mwingine auripoti kwa niaba yako. Andika mwenyewe kabla ya kupanda ndege, hata kama tayari uko uwanja wa ndege.

Hatua ya 7: Jobcentre, kodi na kaunsili

Utaitwa Jobcentre, ofisi ya serikali ya ajira, kuthibitisha kitambulisho na kutia sahihi makubaliano ya yale utakayofanya. Usipokwenda bila taarifa, ombi linaweza kufungwa. Yale yanayoandikwa humo yanatakiwa yalingane na afya yako, watoto wako na uangalizi unaofanya, kwa hiyo sema kabla ya kukubali. Mzazi aliyekubali kutafuta kazi saa 35 kwa wiki ili tu atoke chumbani atajuta.

Kodi sasa inaingia mkononi mwako pamoja na kila kitu kingine. Weka agizo la benki liitoe siku inayofuata siku ya malipo. Mwenye malimbikizo ya miezi 2, au mwenye hali inayomfanya ashindwe kushika pesa, anaweza kuomba ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Scotland unaweza kuchagua hilo mwenyewe, na kuchagua kulipwa mara mbili kwa mwezi. Ireland ya Kaskazini kulipwa mara mbili ndio utaratibu wa kawaida.

Council Tax haimo ndani ya Universal Credit. Hata kama kaunsili ilikuwa inakupunguzia kupitia fomu ya Housing Benefit, waulize kama unatakiwa kuomba Council Tax Reduction upya, na uombe wiki hiyohiyo. Hapa ndipo madeni ya kimyakimya yanapozaliwa.

Hatua ya 8: Kagua karatasi ya kwanza ya malipo

Siku chache kabla ya pesa kuingia, taarifa ya malipo hutokea kwenye akaunti yako. Ifungue pamoja na ile karatasi uliyoihifadhi ya posho ya zamani. Angalia mstari kwa mstari: posho ya msingi ya mtu mmoja au wawili, kila mtoto, ulemavu wa mtoto, kodi kamili, afya yako, uangalizi, makato, mshahara. Ukiwa na kazi, kila pauni ya mshahara halisi hukata senti 55, baada ya kuachiwa kiasi cha mwanzo kama una mtoto au hali ya kiafya inayopunguza uwezo wako wa kazi.

Kisha tafuta nyongeza ya mpito. Kama ulitegemea iwepo na haipo, au ni ndogo, andika kwenye sehemu iitwayo Journal uwaulize wameihesabuje, kwa tarakimu. Andika kwa Kiswahili kwanza kwenye karatasi ikikusaidia kupanga mawazo, halafu mtu akutafsirie. Ujumbe mfupi hujibiwa upesi kuliko hadithi ndefu: "Nimehamishwa kwa Migration Notice. Tarehe ya ombi ni hii. ESA yangu ilikuwa na Severe Disability Premium. Haionekani kwenye hesabu yenu. Naomba mniandikie mlivyokokotoa."

Jibu lisiporidhisha, una mwezi 1 tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na ukikataliwa hapo una mwezi 1 mwingine kwenda baraza la rufaa, ambalo ni huru na halilipishwi. Piga picha kila ukurasa wa Journal unaohusika. Akaunti ikifungwa siku moja kwa sababu yoyote, hutataka kumbukumbu zako ziwe zimebaki humo peke yake.

Mama yule alirudi na taarifa yake ya kwanza mwezi uliofuata. Nyongeza ilikuwepo, lakini kodi ilikuwa imeandikwa bila gharama za huduma, pungufu ya £38. Tukaandika mistari minne, tukaambatisha mkataba, na malipo ya pili yakaja yamerekebishwa pamoja na ile ya mwezi wa kwanza.